Abu Raihan Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyeipima Ardhi Akitafuta Kibla



Kila tukaapo katika darasa letu baada ya sala ya Isha, swali moja haliachi kurudi. Baadhi ya wazee wetu husema kwamba hesabu, elimu ya nyota na elimu ya maumbile wanazosomeshwa watoto skulini ni elimu za Wazungu. Faida yake kwa Muislamu ni ndogo na hatari yake ni kubwa. Na baadhi ya vijana wetu wameingiwa na dhana ya kuwa akili na elimu zilizaliwa Ulaya, na kwamba dini ndiyo iliyotuweka nyuma. Makundi mawili haya hushindana mpaka taa zikazimwa, na huku yamekwisha kukubaliana juu ya jambo moja bila ya kujijua: kwamba elimu ina wenyewe, na wenyewe si sisi.

Hatukutaka kuwajibu kwa mabishano. Tumeona ni bora tuwasimulie maisha ya mmoja katika wanavyuoni wakubwa wa umma wetu, naye ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, ili kila msomaji apime mwenyewe kama elimu na akili zina mkono katika kuujenga umma, na kama zinao, ni kwa sharti gani.

Alizaliwa tarehe 3 Mfungo Tatu mwaka 362 wa Hijra, yaani Septemba mwaka 973, karibu na Kath, uliokuwa mji mkuu wa Khawarizm, kando ya mto Amu Darya. Nchi hiyo leo imo katika Uzbekistan, na upo mji huko uitwao Beruniy kwa jina lake. Lugha aliyonyonya kwa mama yake ilikuwa Kikhawarizmi. Kiarabu na Kiajemi alivisoma kwa jitihada kama tunavyovisoma sisi, na Kiarabu akakifanya ndicho chombo cha elimu yake maisha yake yote. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, bingwa wa hesabu aliyetoka katika nyumba ya wafalme wa nchi hiyo, naye hakuona haya kumsomesha kijana asiyekuwa na ukoo wa kifalme.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi, Al-Biruni alipima kimo cha jua la adhuhuri pale Kath, akatoa hesabu ya umbali wa mji huo kutoka mstari wa Ikweta. Baadaye akatengeneza pete kubwa ya kupimia, upana wake mikono 15, akitaka kuendelea na kazi hiyo kwa usahihi zaidi. Lakini mwaka 995 vita vilizuka baina ya watawala wa Khawarizm. Jamaa za mwalimu wake wakaondolewa katika ufalme, naye Al-Biruni akajificha, kisha akakimbia nchi. Katika kazi yote aliyokusudia, alipata kulipima jua la kiangazi mara moja tu.

Alifika Rayy, karibu na mahali ulipo leo mji wa Teheran, akiwa hana kitu. Huko mnajimu mmoja tajiri alimdharau na kuyapuuza maneno yake kwa sababu ya umasikini wake, na siku hali yake ilipokuja kutengenea, yule yule akamfanya rafiki. Al-Biruni alikihifadhi kisa hiki katika kitabu chake. Nasi twakitaja kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza tunayoona katika maisha yake ugonjwa tutakaouona tena na tena: watu kulipima neno kwa kumtazama aliyelisema, wakaiacha dalili yake.

Mwaka 997 alikuwa amerudi Kath kwa muda. Mwezi wa Mei mwaka huo mwezi ulipatwa. Al-Biruni alikuwa amekwisha kupatana na mwanachuoni wa Baghdad, Abu al-Wafa, kwamba kila mmoja autazame akiwa katika mji wake na aandike wakati wake. Walipolinganisha, walikuta tofauti ya kama saa moja, na kwa tofauti hiyo wakajua umbali wa miji hiyo miwili mashariki na magharibi. Na tufikiri jambo hili, ndugu zetu. Hapakuwa na simu wala barua ya haraka. Palikuwa na watu wawili walioaminiana, wakakubaliana juu ya njia moja ya kupima, na kila mmoja akawa tayari kuyapokea aliyoyaona mwenziwe hata yakimkhalifu.

Katika miaka hiyo pia aliandikiana na Ibn Sina, ambaye wakati huo alikuwa kijana mdogo. Alimpelekea maswali 18 juu ya maneno ya Aristotle, mengine yakihusu mbingu na mengine yakihusu vitu vya ardhini, na miongoni mwake swali hili: kwa nini barafu huelea juu ya maji? Wakati ule Aristotle alikuwa kwa wanafalsafa kama hakimu asiyepingwa. Al-Biruni alimsoma, akamheshimu, na pale alipoona dalili haitoshi akamuuliza. Kwa hiyo kijana anayedhani kwamba kuipenda elimu ni kumeza kila litokalo kwa wageni, hana mfano kwa mtu huyu. Taklidi ni taklidi, akifuatwa babu au akifuatwa Myunani.

Mwaka wa 1000 hivi, akiwa kwa mfalme Qabus wa Gurgan, aliandika kitabu kikubwa juu ya kalenda na sikukuu za mataifa: Waajemi, Mayahudi, Wakristo, Waarabu wa kale na wengineo. Kisha akarudi Khawarizm akawa mshauri wa mfalme. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, na Al-Biruni akachukuliwa pamoja na wanavyuoni wengine mpaka Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan. Alikuwa na umri wa miaka 44. Jina lake lilikuwa ni mwanachuoni wa Sultani, na hali yake ilikuwa karibu na hali ya mateka.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1018 alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, amejaa huzuni na hana chombo chochote cha kupimia. Akachukua ubao wa kufanyia hesabu, nyuma yake akachora sehemu ya duara na kuigawanya kwa daraja, akatundika uzi wa timazi, na kwa kitu hicho akapima kimo cha jua. Wako kwetu wanaosema kwamba hatuwezi kusoma kwa kuwa hatuna vyombo. Vyombo ni muhimu, wala hatukanushi. Lakini kwanza huja mtu anayetaka kujua, kisha ubao hupatikana.

Na alikuwa akitafuta nini kwa vipimo hivyo? Hapa twawaomba wazee wetu watusikilize kwa makini. Mwaka 416 wa Hijra, yaani 1025, alimaliza kitabu cha kubainisha mahali pa miji na umbali baina yake, na miongoni mwa makusudio yake makubwa ilikuwa kuujua kwa hakika upande wa kibla kwa watu wa Ghazna. Sisi watu wa Mombasa, Malindi na Lamu Mwenyezi Mungu ametusahilishia, kwani Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu, hata wazee wetu wakalitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini. Mtu akiijua nyota ya kaskazini amekwisha kuijua kibla yake. Lakini mtu wa Ghazna hawezi kuipata kwa nyota moja. Hana budi ajue mji wake uko wapi juu ya ardhi hii ya mviringo, na Makka iko wapi, kisha afanye hesabu ya pembe. Al-Biruni aliifuata njia kutoka Baghdad mpaka Ghazna mji kwa mji, akichanganya umbali wa safari za misafara na vipimo vya jua, ili mwenye kusimama msikitini aelekee anakotakiwa kuelekea.

Katika utangulizi wa kitabu hicho aliwalaumu wale wanaozipiga elimu hizi muhuri wa ukafiri, akaeleza kwamba mara nyingi mtu hufanya hivyo ili watu wengine wazichukie, na ujinga wake mwenyewe usionekane. Maneno haya ni makali, nasi hatuwataji watu wa leo. Kila mmoja na ajitazame.

Katika kitabu hicho hicho ameeleza alivyoipima ardhi. Palikuwa na ngome iitwayo Nandana, katika nchi ya Punjab, iliyo Pakistan hivi leo, na karibu yake mlima ulioelekea uwanda mpana. Kwanza aliupima urefu wa mlima akiwa chini, akapata dhiraa 652 na kitu. Kisha akapanda kileleni, akatazama pale mbingu inapokutana na ardhi, akakuta kwamba mstari wa macho yake unateremka chini ya usawa kwa dakika 34, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ya daraja moja. Kwa vipimo viwili hivyo na hesabu ya pembe, akatoa ukubwa wa ardhi nzima, na jawabu lake likakaribiana na lile walilolipata wanavyuoni wa Khalifa Al-Maamun miaka 200 kabla yake, waliotembea jangwani na kamba za kupimia. Manahodha wetu wajua ya kuwa jahazi iendayo mbali huzama mwili kwanza, kisha tanga. Al-Biruni alilichukua jambo kama hilo alionalo kila mvuvi, akalitia katika hesabu.

Sasa tuje kwenye visa viwili ambavyo kwetu ndivyo roho ya habari hii.

Kisa cha kwanza amekisimulia mwenyewe katika kitabu chake juu ya vivuli. Kulikuwa na chombo cha kujulia nyakati za sala, na juu yake yalichorwa majina ya miezi ya Kirumi. Sababu yake ni wazi: kivuli cha Adhuhuri na Alasiri hufuata mwendo wa jua, na miezi yetu ya mwandamo haifuati jua. Msimamizi mmoja wa msikiti, mtu mkali katika dini, akakikataa chombo hicho, akidai kwamba kukitumia ni kujifananisha na makafiri. Al-Biruni akamkumbusha kwamba Warumi hao pia hula chakula, basi na aache kula asije akafanana nao.

Nasi tunao wenzake msimamizi huyo. Huadhini kwa kipaza sauti, hufuturu kwa saa ya mkononi, huenda hospitali wakiumwa, kisha humkataza mtoto kuisoma elimu iliyovitengeneza vitu hivyo. Kama elimu hiyo ni haramu, mbona matunda yake huliwa? Na kama ni halali, mbona mti wenyewe hatuupandi?

Kisa cha pili kilitokea mwaka 1024, walipofika Ghazna wajumbe wa Waturuki wa mto Volga. Mmoja wao alisema mbele ya Sultani kwamba katika nchi za mbali kaskazini ziko siku ambazo jua halitui. Mahmud akaghadhibika, akayahisabu maneno hayo kuwa ni uzushi katika dini. Na mtu aweza kuielewa hofu yake, kwani jua lisipotua, Magharibi na Isha zitasaliwa lini? Al-Biruni akabainisha kwa hoja kwamba habari ya yule mjumbe yaingia akilini, na Sultani akatulia. Lau angalinyamaza, mtu mkweli angalipata adhabu kwa kusema alichokijua. Leo Waislamu wanaokaa kaskazini ya Norway hukabiliwa na mas'ala hayo hayo kila kiangazi, na mafakihi wamelazimika kuyatolea fatwa. Dini haikudhurika kwa ukweli ule. Kilichodhurika ni dhana ya watu waliodhani kwamba ulimwengu wote ni kama ua wa nyumba yao.

Mahmud alifanya vita vingi katika Bara Hindi, na Al-Biruni akapata njia ya kwenda huko. Akajifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, lugha ngumu isiyokuwa na waalimu wengi wa kuwasomesha wageni. Alikaa mbele ya wajuzi wa nyota wa Kihindu kama mwanafunzi, na baadaye wao wakakaa mbele yake. Mwaka 1030 akamaliza kitabu chake juu ya India, ambamo ameeleza itikadi, sharia, hesabu na desturi za Wahindu kwa maneno yao wenyewe, bila ya kuwazulia wala kuwakejeli, ilhali yeye ni Muislamu asiyekubaliana nao. Aliwalaumu wajuzi wao wa zama zake kwa kujiona kwamba hapana nchi kama yao wala elimu kama yao, akataja kwamba wahenga wao hawakuwa na kiburi hicho. Wala hakuificha kasoro ya upande wake: alisema waziwazi kwamba mashambulio ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi, yakawatawanya watu, na elimu za Kihindu zikakimbilia miji ya mbali ambayo mkono wa Sultani haukuifikia. Basi alikwisha kujua, kwa yaliyompata Khawarizm na kwa aliyoyaona India, kwamba elimu haikai penye upanga.

Mwaka 1029 alitunga kitabu cha maswali na majibu cha kufundishia hesabu na elimu ya nyota, akakitunga kwa ajili ya mwanamke, Raihana binti Al-Hasan wa Khawarizm. Tangu hapo imepita karibu miaka 1000, na bado wako kwetu wanaouliza kama inafaa mtoto wa kike kusoma hesabu. Katika kitabu hicho alieleza pia kanuni za kutabiri kwa nyota, kwa kuwa watu wa zama zake walizitaka, lakini akabainisha kwamba yeye si katika wenye kuziamini. Hapa kwetu pwani neno falaki limechanganywa. Mtu husema aenda kwa mwenye falaki, kumbe atakwenda kutazamiwa nyota ya mchumba au siku ya safari. Falaki ya kupima jua na mwezi ni elimu yenye dalili. Falaki ya kubashiri ni biashara ya khofu za watu, na aliyezijua zote mbili kuliko waganga wetu wote alikwisha kuzitenga.

Baada ya Mahmud alitawala mwanawe Masud, na hali ya Al-Biruni ikatengenea. Akamwandikia kitabu kikubwa cha elimu ya nyota, na yasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na tembo, naye akaurudisha. Mwaka 1036 aliandika orodha ya vitabu vyake, navyo vilikuwa vimepita 100. Aliendelea kuandika mpaka alipopindukia miaka 80 ya Hijra, macho na masikio yakiwa yamedhoofika.

Kuhusu kufa kwake, yapata mwaka 1050, Yaqut amehifadhi kisa kisichosahaulika. Fakihi mmoja alikwenda kumtazama naye yumo katika sakarati. Al-Biruni akamuuliza juu ya mas'ala ya mirathi ya mabibi wa upande wa mama, ambayo waliwahi kuyazungumza zamani. Fakihi akamhurumia, akaona huo si wakati wake. Al-Biruni akamjulisha kwamba kuiaga dunia akiwa ameyajua mas'ala hayo ni kheri kwake kuliko kuiaga akiwa hayajui. Fakihi akamsomesha, naye akayarudia mpaka akayahifadhi. Alipotoka, akiwa bado yumo njiani, alisikia kilio kutoka nyumba ile.

Na tutazame ilivyokuwa. Mtu aliyeipima ardhi na kuujua mwendo wa nyota, somo lake la mwisho lilikuwa la faraidhi. Kwake yeye hapakuwa na ukuta baina ya elimu ya dini na elimu ya dunia. Ukuta huo tumeujenga sisi.

Je, elimu yake iliujenga umma? Twajibu kwa haki: ilijenga kidogo kuliko ilivyoweza, na kosa halikuwa la elimu. Vitabu vyake vingi vimepotea. Ulaya haikumjua kwa karne nyingi, kwani vitabu vyake vikubwa havikufasiriwa kwa Kilatini kama vilivyofasiriwa vya Ibn Sina. Kitabu chake cha India kilipigwa chapa na Mjerumani, Eduard Sachau, mwaka 1887. Na kile kitabu cha kibla, ambacho kila msikiti ulikihitaji, kilikaa kwa mkono katika maktaba ya Istanbul mpaka kikapigwa chapa mwaka 1962. Taa ilikuwa imewashwa, na wenye nyumba wakafumba macho.

Basi jawabu letu kwa wale ndugu zetu wa baada ya Isha ni hili. Elimu na akili hujenga mataifa, lakini kwa sharti kwamba watu wazipokee. Na kupokea ni kulipima neno kwa dalili yake, likiletwa na Mrumi, Mhindu, masikini wa Rayy, mjumbe wa Volga au mtoto wako mwenyewe arudipo skuli. Umma ukiacha kupima hivyo, mabingwa 100 kama Al-Biruni hawaufai kitu. Na ukipima hivyo, ubao mmoja na uzi wa timazi hutosha kuanzia.

Basi mzee anayemzuia mwanawe, na kijana anayeidharau dini yake, wote wawili na waje darasani, waje na maswali yao. Mlango u wazi kila siku baada ya Isha.